Supu ya muundi wa nguruwe, maharage na mboga za majani katika baridi ya Uyole

Mwezi Juni unapoingia, baridi ya hapa Uyole haibishi hodi. Ukungu hushuka kutoka milima ya Uporoto kabla jua halijazama, wasafiri wanaoteremka kwenye njia panda ya kwenda Tukuyu hujikunyata ndani ya makoti, na sisi wenyeji tunaanza kuzungumzia chakula cha kuutia mwili joto. Nyumbani kwangu, tangu Juni hadi Agosti, chakula hicho ni supu nzito ya muundi wa nguruwe uliokolezwa chumvi na kufukizwa moshi, maharage, na mboga za majani. Leo nataka kuieleza kwa ukamilifu, kwa sababu wageni wengi wanaoionja huniomba maelezo, nami nikiyatoa kwa haraka mlangoni wakati wa kuagana, najua kwamba nimeacha jambo ambalo ndilo linaloibeba supu yote.

Jambo lenyewe ni zamu ya kuingia sufuriani. Mfupa unahitaji saa nyingi, maharage yanahitaji saa chache kuliko mfupa, na majani yanahitaji dakika tu. Anayevitia vyote kwa pamoja hula maharage magumu, au majani yaliyogeuka rangi ya matope, na mara nyingi hula yote mawili katika bakuli moja. Shangazi yangu wa Kihesa, Iringa, aliyepika miaka mingi katika jiko la misheni pamoja na watawa waliotoka Italia, alinifundisha supu hii nikiwa msichana wa sekondari, na neno alilokuwa akilirudia ni moja tu: "Mfupa kwanza, mwanangu." Anasema watawa wale walikuwa wakitundika paja la nguruwe la chumvi stoo, wakilikata vipande vyembamba wiki baada ya wiki, na nyama ilipokwisha, mfupa uliobaki ndio ulioingia kwenye maharage. Hakuna kilichotupwa.

Supu za namna hii zinapikwa katika nchi nyingi zenye baridi na nguruwe. Huko Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, wana caldo gallego ya maharage meupe, viazi, majani ya tanipu na nyama ya nguruwe ya chumvi. Majimbo ya kusini mwa Marekani yanapika muundi uliofukizwa moshi pamoja na majani ambayo ni ndugu wa karibu kabisa wa sukuma wiki yetu. Na maharage yenyewe, ambayo sisi tunayaona kama urithi wa mababu, asili yake ni bara la Amerika. Kwa hiyo sijioni kama ninapika chakula cha kigeni. Kila kitu kinachoingia katika sufuria yangu kinapatikana kwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani.

Nianze na muundi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaponunua visivyo. Ninachokitaka ni sehemu ya mguu iliyo kati ya goti na kifundo, ikiwa na ngozi yake, mfupa wake na mishipa yake yote. Wateja wengi wa bucha ya nguruwe wanataka nyama ya kukaanga, laini na isiyo na mfupa, na ndiyo maana muundi hubaki mpaka jioni. Kijana ninayenunua kwake aliniuliza siku ya kwanza, "Mama, nikukatekate vipande vidogo?" Nikamwomba asiuguse kwa panga, auache mzima, kwa kuwa mfupa uliopasuliwa kwa panga hutoa vigae vidogo vinavyojificha ndani ya maharage na kuumiza meno ya watoto. Ngozi ndiyo inayoipa supu uzito wake: ikichemshwa polepole huyeyuka na kuwa ute, na ute huo ndio unaofanya midomo inatane kidogo unapokunywa. Nyama tupu isiyo na ngozi wala mfupa hutoa maji yenye ladha, lakini haitoi supu.

Kabla ya kulipa, ninaangalia muhuri wa mkaguzi wa nyama, na ninaiangalia nyama yenyewe kwa macho yangu. Mkoa wa Mbeya na majirani zetu wa Songwe tunafuga nguruwe kwa wingi, na katika maeneo yetu haya minyoo aina ya tegu ya nguruwe ni tatizo la kweli. Nyama yenye tegu huonyesha malengelenge madogo meupe yaliyojaa maji, ya ukubwa wa punje ya mchele au njegere, yakiwa yamepachikwa katikati ya misuli. Ukiyaona, usinunue, hata ukipunguziwa bei hadi nusu. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata mnyoo tumboni, na mayai yanayotoka katika choo cha mtu huyo, yakifika kinywani mwa mtu kwa njia ya maji, mikono au mboga, ndiyo yanayozaa malengelenge hayo hayo ndani ya mwili wa binadamu, hata katika ubongo, na kuleta kifafa. Ninalieleza kwa urefu kwa sababu linahusu mambo mawili katika supu hii: nyama kuiva hadi mfupani, na majani kuoshwa kwa makini.

Kukoleza chumvi ni kazi ya wiki moja, lakini mikono yako itafanya kazi dakika 10 tu. Ninapima muundi kwa mizani, na kwa kila kilo 1 ninatumia gramu 30 za chumvi, gramu 10 za sukari, na kijiko kidogo cha pilipili manga iliyotwangwa. Ninaisugua nyama pande zote, nikiisukuma chumvi kwenye mikunjo ya ngozi na kuuzunguka mfupa pale unapochomoza, kisha ninaitia katika mfuko safi, ninaufunga na kuuweka kwenye jokofu kwa siku 7, nikiugeuza kila asubuhi. Kufikia siku ya pili utaona maji yamejikusanya mfukoni; usiyamwage, kwa kuwa ndiyo yanayoendelea kuipeleka chumvi ndani. Wengine huniambia kwamba kwa baridi yetu hii jokofu ni anasa. Sikubaliani nao kabisa. Nyama ya chumvi nyepesi kama hii inahitaji kukaa chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mchana na usiku, na hapa Mbeya, hata mwezi Julai, jua likitoka mchana joto linaweza kupita nyuzi 20. Asiye na jokofu anunue muundi mbichi na kuupika siku hiyo hiyo, akiongeza chumvi sufuriani. Supu itakuwa njema, ingawa itakosa ule ukali mtamu wa moshi.

Moshi ninaupata kwa pipa kuukuu lenye wavu juu na mkaa kidogo chini, na juu ya mkaa ninaweka vipande vya mti wa mpera vilivyokauka. Msindano usiutumie, ingawa ndio unaopatikana kirahisi katika mikoa yetu yenye mashamba ya miti kama yale ya Sao Hill, Mufindi. Utomvu wake huacha uchungu na masizi juu ya ngozi. Mkaratusi nao una mafuta yanayonuka kama dawa ya kifua. Saa 2 za moshi zinatosha, mpaka ngozi iwe na rangi ya kahawa yenye maziwa. Nyama inayotoka hapo bado haijaiva, na kwa kuwa sitii chumvi maalumu ya viwandani, ndani yake huwa ya kijivu badala ya waridi. Inakwenda sufuriani siku hiyo hiyo, au inarudi kwenye jokofu kwa siku moja, si zaidi.

Ukiwa umenunua hemu ya dukani yenye mfupa, iloweke usiku mzima katika maji baridi, kwa sababu nyingi zina chumvi kuliko hii ya kwangu. Na kwa wasomaji wangu wasiokula nguruwe kwa sababu ya dini, muundi wa ng'ombe au wa mbuzi uliokolezwa na kufukizwa kwa njia hiyo hiyo unatoa supu ya heshima kabisa. Jirani yangu Mwislamu ameipika hivyo na nimekula kwake nikaomba bakuli la pili.

Sasa maharage. Anayekaa Mbeya halafu akalalamika kuwa hana maharage mazuri, huyo hajafika sokoni. Kwa supu hii napenda maharage ya njano, na hasa Njano-Uyole, aina iliyozalishwa na watafiti wa kituo cha kilimo kilicho hapa hapa kwetu, ambacho leo ni TARI Uyole. Huiva mapema, ngozi yake ni nyembamba, na yakipondwa hutoa uji laini unaoifanya supu iwe nzito bila unga. Kablanketi nayo ina ladha nzito ninayoipenda sana kwa wali, lakini ndani ya supu hii inashindana na moshi. Muhimu kuliko aina ni umri. Maharage ya msimu huu huwa na mng'ao, na ukiyashika kiganjani ukayasugua hayatoi vumbi. Maharage yaliyokaa ghalani miaka miwili mahali penye joto na unyevu hubadilika ndani kiasi kwamba hata ukiyachemsha kutwa nzima hayalainiki, na muuzaji hawezi kukuonyesha tofauti ndani ya kisado.

Niliyajua hayo kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mama mkwe na wifi zangu wawili walikuja kutoka Tukuyu kutusalimia, nami nikaamua kuwapikia supu ya shangazi. Muundi ulikuwa mzuri. Maharage niliyanunua jioni ya siku iliyotangulia katika duka la karibu, sikuyaloweka, na asubuhi niliyatia sufuriani pamoja na nyanya 4, vitunguu na karoti, nikidhani kwamba kadiri viungo vinavyokaa pamoja muda mrefu ndivyo ladha inavyokolea. Saa 7 mchana yalikuwa bado yanagongana kwenye upawa kama kokoto. Saa 9 nilikuwa bado nachochea mkaa. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa upole sana, alisema, "Mwanangu, tupe ugali na nyama, maharage tutakula kesho," na wakala hivyo, nami nikasimama jikoni nikalia kimya kimya. Jioni nilimpigia shangazi simu. Baada ya "Kamwene" na kuulizana hali, sikuwa nimemaliza kueleza aliponikatiza: "Nyanya umetia saa ngapi?"

Tangu siku ile nimejifunza sababu za kila anachokisema. Ngozi na nyama ya haragwe hushikamana kwa gundi iitwayo pektini, na asidi ya nyanya, ndimu au siki huifanya gundi hiyo isiachie. Ndiyo maana nyanya lazima ingoje maharage yaive. Chumvi, ambayo bibi zetu wengi waliilaumu, haina kosa hilo. Kijiko kimoja cha chumvi katika lita 2 za maji ya kulowekea huisaidia ngozi kulainika, kwa kuwa huondoa sehemu ya kalisi inayoikaza pektini. Magadi hulainisha haraka zaidi, hilo ni kweli, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na mimi siyaweki kwenye supu ambayo nimeihangaikia wiki nzima.

Kuna na suala la mwinuko, ambalo ndugu zetu wa Dar es Salaam hawalifahamu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Sufuria inatokota, mvuke unapanda, mfuniko unacheza, na bado maji hayo ni ya baridi kuliko yanayotokota Kariakoo. Kwa hiyo maharage yanayoiva pwani kwa saa moja na nusu yanaweza kutaka saa mbili na zaidi huku juu, na Njombe au Makete yatataka zaidi ya hapo. Usijilaumu, wala usiyaongezee moto wa bure, maana moto mkubwa hauyapi maji joto zaidi. Unayakausha tu na kupasua maharage. Mwenye sufuria ya presha amelitatua jambo hili, kwa kuwa ndani yake joto hupita nyuzi 100 popote ulipo. Dakika 25 hadi 30 zinatosha kwa maharage yaliyolowekwa.

Ninaloweka nusu kilo ya maharage usiku mzima, ninamwaga maji hayo asubuhi, ninatia maji mapya na kuyachemsha peke yake kwa nusu saa yakitokota kwa nguvu, kisha ninamwaga tena. Hatua hii usiiruke. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huvunjwa na mchemko wa nguvu, si na moto mdogo wa kufukuta. Huku kwetu ambako maji huchemka chini ya nyuzi 100, nusu saa ni kipimo cha busara.

Wakati maharage yanapochemka kwenye jiko moja, muundi unakuwa umeshaanza safari yake kwenye jiko jingine. Ninauosha, ninauweka katika sufuria kubwa na lita 3 na nusu za maji baridi, pamoja na nusu kitunguu kisichomenywa, na kuupandisha joto polepole. Maji yakikaribia kuchemka, povu la kijivu hupanda na kujikusanya pembeni. Ninalitoa kwa kijiko mpaka yanayopanda yawe meupe na machache. Kisha ninapunguza mkaa, ninauvuta pembeni kwa koleo hadi uso wa supu uwe unatetemeka tu, na kiputo kimoja kimoja kinapasuka hapa na pale. Hapo ninauacha kwa saa moja na nusu. Baada ya saa ya kwanza utaona matone ya mafuta ya rangi ya dhahabu yakielea, na harufu ya mpera itakuwa imefika sebuleni. Ninaonja wakati huo, na si kabla, ili nijue muundi umetoa chumvi kiasi gani. Katika miaka yote hii nimeongeza chumvi mara chache sana. Vile vidonge vya viungo vya dukani havina kazi hapa. Vingi ni chumvi, na chumvi tunayo tayari ndani ya nyama.

Maharage yaliyochemshwa sasa yanaingia kwenye supu ya mfupa, na vyote vinaendelea kwa moto mdogo. Kipimo changu cha kuiva ni hiki: ninachota maharage matatu kwenye kijiko na kuyapuliza. Ngozi ikijikunja na kupasuka kwa pumzi, yamekaribia. Kisha ninaliweka moja kati ya ulimi na kaakaa na kulisukuma bila meno. Likivunjika lote, hata katikati, yameiva. Moja likiiva na mawili yakakataa, bado.

Hapo ninautoa muundi. Nyama inakuwa imeshaanza kujivua mfupani, na ukiuchomeka uma karibu na goti hauhisi ukinzani wala huoni maji ya damu. Ninauacha upoe, ninaichambua nyama kwa vidole, ninaikata ngozi vipande vidogo sana na kuirudisha, kwa sababu hapo imekuwa laini kama maini, na mfupa ninaurudisha mzima uendelee kufanya kazi yake. Ninaongeza karoti 2 na viazi mviringo 3 vilivyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba.

Katika kikaango, kwa mafuta niliyoyaengua juu ya supu, ninakaanga vitunguu 2 vya Ruaha Mbuyuni, ambavyo kwangu mimi havina mpinzani kwa utamu, mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Ninaongeza punje 6 za kitunguu saumu kilichotwangwa, na mwishoni nyanya 2 zilizokunwa. Zikikauka na mafuta yakajitenga, rojo yote inaingia sufuriani. Upawa mmoja wa maharage ninauponda kwa mwiko pembeni mwa sufuria na kuukoroga ndani.

Majani ni ya mwisho. Napenda sukuma wiki iliyokomaa kiasi, kwa kuwa ina mwili wa kustahimili supu nzito, na nikipata figiri ninachanganya nusu kwa nusu kwa ajili ya ule ukali wake. Mnavu pia ni mzuri sana, ila ninauchemsha kando kwanza na kuyamwaga maji yake ili uchungu usiitawale supu. Wakati wa kiangazi mboga nyingi zinazouzwa Iringa na Njombe hutoka vinyungu, zile bustani za mabondeni ambako unyevu haukauki, na maji ya bondeni hukusanya kila kinachotoka mlimani. Kwa hiyo ninaosha jani moja moja, pande zote mbili, chini ya maji yanayotiririka, nikikunjua mikunjo ya shina ambako udongo hujificha. Ninatoa uti wa kati, ninakunja majani kumi kumi na kuyakata kwa upana wa kidole, si ule ukataji wa nyuzi nyembamba tunaoutumia kwa mboga ya ugali. Yanaingia supu ikiwa inatokota, bila mfuniko. Sukuma wiki inataka dakika 8 hadi 10, chainizi dakika 3. Nataka yawe bado na kijani, yawe laini, na ukitafuna yakujibu kidogo.

Ninaipua, ninafunika, na kuiacha itulie robo saa. Mezani kuna ndimu zilizokatwa na pilipili mbuzi iliyopondwa na chumvi, na kila mtu anajikamulia mwenyewe. Ndimu hapa si pambo. Madini ya chuma yaliyo katika maharage na majani huingia mwilini kwa shida, na vitamini C pamoja na nyama huyasaidia kuingia. Ninalitilia mkazo hili kwa sababu linaniumiza: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa, mkoa wa mahindi, maharage na mboga za kila aina, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wana udumavu. Sababu zake ni nyingi, na sisemi kwamba supu inaziondoa zote. Lakini najua nyumba ambazo maharage na mboga huuzwa vyote sokoni na mtoto anabaki na uji mweupe, na kila ninapompakulia mwanangu mdogo, nikimpondea maharage na kumchanganyia nyama iliyochambuliwa nyuzi nyuzi bila pilipili, nawafikiria watoto wale.

Tunaila kwa chapati, au kwa ugali mdogo uliosongwa laini. Sufuria hii inatosha watu 8. Ikibaki, ninaipoza haraka kwa kuiweka katika bakuli pana, kisha inaingia jokofuni, ambako inakaa siku 3 bila wasiwasi. Asubuhi inakuwa imeganda kabisa, inatikisika kijiko kikiigusa, na hapo ndipo unapoiona kazi ya ile ngozi na mfupa. Mafuta meupe yaliyo juu ninayatoa kwa kijiko na kuyahifadhi kwa kukaangia vitunguu vya safari ijayo. Chini yake supu ina ladha iliyotulia kuliko ya jana, ila majani yamechoka. Ninachemsha kiasi tunachokula tu mpaka kitokote, ninatupia gao moja la sukuma wiki mbichi iliyokatwa, ninahesabu dakika 8, na watoto wanakwenda shule wakiwa na joto tumboni kabla ukungu haujapanda.